Kutambua Maana ya Maneno ya Kiingereza Yanayoanza kwa Herufi Zilezile

Anayesafiri kutoka Eldoret kwenda Kitale huuvuka mto Nzoia karibu na Moi's Bridge, mji ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge, na huo mto ukishabaki nyuma yake anakuwa katika kaunti ya Trans Nzoia. Jina la kaunti hiyo linaieleza safari yenyewe, kwa sababu “trans” ni neno la Kilatini lenye maana ya ng'ambo au kuvuka, na walioiita nchi ile hivyo walikuwa wakiitazama kutoka upande wa Uasin Gishu. Mwanafunzi aliyeelezwa jambo hilo vizuri hatatizwi tena na “transport”, yaani kubeba kitu kutoka hapa hadi kule, wala na “transfer”, uhamisho ambao kila mtumishi wa serikali ama anauomba ama anauogopa, wala na “transparent”, sifa ya kitu kama kioo ambacho nuru hukipenya hadi upande wa pili.

Hata hivyo, herufi za mwanzo si shahidi wa kuaminiwa kila mara. Maneno mawili yanaweza kufanana mwanzoni kwa sababu ni ndugu, kwa sababu yamekutana njiani, au kwa sababu neno moja limevaa sura ya jingine kabisa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapima, hatua baada ya hatua, na umekusudiwa wanafunzi wa sekondari, wazazi wanaosimamia kazi za jioni, na watu wazima wanaokutana na Kiingereza kwenye barua za ofisi, mabango ya barabarani na karatasi za hospitali. Vifaa vinavyohitajika ni daftari, kalamu, na kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya kila neno, si maana yake tu.

Hatua ya kwanza: Anzia kwenye lugha unayoijua

Watu wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa wana faida ambayo, kwa maoni yangu, haitumiwi vya kutosha darasani: wamezoea tangu utotoni kutafuta maana mwanzoni mwa neno. Mtu ni mmoja na watu ni wengi, na tofauti yote iko mbele. Mluhya wa Mumias husema omundu kwa mmoja na abandu kwa wengi. Mgusii husema omonto na abanto. Kijaluo si lugha ya Kibantu, lakini nacho humwita mwalimu japuonj na walimu jopuonj, mkulima japur na wakulima jopur. Hata asiyejua Kikalenjin, akiishi Nakuru muda kidogo tu, hutambua kwamba jina linaloanza kwa Kip kwa kawaida ni la mwanamume na linaloanza kwa Chep ni la mwanamke.

Kiambishi awali cha Kiingereza hufanya kazi nyingine. Hakitaji ngeli, bali hukana jambo, huonyesha mahali, hutaja wakati, au hutoa hesabu. “Un”, “dis” na “non” hukana. “Sub” huonyesha chini, ndiyo maana tuna “sub-county”, sehemu iliyo chini ya kaunti, na ndiyo maana watu wa vijijini humwita naibu wa chifu “sub-chief” ingawa barua rasmi humwita kwa cheo kingine. “Pre” ni kabla na “post” ni baada: mita ya umeme ya “prepaid” hutaka tokeni inunuliwe kwanza, na laini ya simu ya “postpaid” hutumika kwanza, bili ikaja baadaye. “Re” ni tena au kurudi nyuma. Viambishi hivi havizidi ukurasa mmoja wa daftari, navyo vinastahili kuandikwa kwanza, kila kimoja na mfano ambao msomaji amekwisha kuuona kwa macho yake.

Kiswahili chenyewe kinatupa pia onyo la kwanza. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu, ambako “ki” ni sehemu ya mwili wa neno wala si kiambishi. Wazungumzaji wa Kiswahili wakalisikia kama kiti na kisu, wakalitia katika ngeli hiyo, na leo tunasema vitabu bila kusita. Waingereza nao wamefanya vivyo hivyo. “Helicopter” iliundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kwanza “helico”, la mzunguko wa parafujo, na la pili “pter”, la bawa. Lakini masikio ya watu yalikata mahali pengine, na kutokana na kosa hilo wakapata “helipad”, uwanja mdogo wa kutulia ndege hizo.

Hatua ya pili: Kata, kisha uangalie kilichobaki

Ukikutana na neno geni, funika herufi za mwanzo kwa kidole na usome zilizosalia. “Unhappy” ikiondolewa “un” inabaki “happy”, neno linalojitegemea. “Untie” inabaki “tie”. Lakini “uncle” inabaki na kipande kisichosema lolote, na mjomba hakanushi chochote. “Until” na “under” ni vivyo hivyo. “Misuse” ni kutumia vibaya kwa sababu “use” ipo. “Mission” haina uhusiano na ubaya wowote. “Dishonest” imekana uaminifu, ilhali “dish” ni sahani tu, na “disc” ni ndugu yake wa damu kwa sababu yote mawili yametokana na neno moja la kale la kitu cha duara. “Prepaid” ina kabla ndani yake. “Press”, “pretty” na “precious” hazina.

Kipimo hiki kina upungufu ambao ni lazima uelezwe, kwa kuwa wanafunzi wengi huishia hapa na kutupa maneno yaliyo halali. Yako maneno ambayo mabaki yake hayasimami peke yake katika Kiingereza cha leo, na bado kiambishi chake ni cha kweli. Mfano ni “reject”. Hakuna kitu kinachoitwa “ject”, na kwa kipimo cha kidole tu neno hili lingeshindwa. Dawa yake ni kutafuta kama mabaki hayo yanaonekana nyuma ya viambishi vingine. Katika mfano huu yanaonekana tele: “inject”, “eject”, “project”. Sasa mzizi unajidhihirisha, nao ni kurusha. Sindano hurusha dawa ndani, mtambo wa kaseti ulikuwa na kitufe cha kurusha kaseti nje, mashine ya sinema hurusha picha mbele, na aliyekataliwa kazini amerushwa nyuma alikotoka. Kwa hiyo kanuni ni mbili kwa pamoja: ama mabaki yajitegemee, ama yaonekane nyuma ya viambishi vingine viwili au vitatu yakiwa na maana ileile. Neno lisilotimiza hata kanuni moja, liandike upande wa mashaka na usubiri kamusi.

Zingatia vilevile mahali pa kukata. “Un” na “uni” hutenganishwa na herufi moja tu, lakini ya kwanza hukana na ya pili ni moja: “uniform” ni vazi la umbo moja, “union” ni muungano. Neno “unionised” linaweza kusomwa kwa njia mbili zote sahihi. Mfanyakazi wa kiwandani husoma kwamba wenzake wamejiunga na chama cha wafanyakazi, na mwanafunzi wa kemia husoma kwamba atomu haijapata chaji. Maneno ya aina hiyo ni machache, na muktadha huyaamua.

Hatua ya tatu: Zoea kiambishi kinachobadilika sura

Hapa ndipo pana faida kubwa zaidi, hasa kwa tahajia, na ningemshauri mwalimu asipaharakishie. Kiambishi cha Kilatini mara nyingi hakikubali kubaki kama kilivyo. Hufuata herufi inayokuja baada yake. “In” ya kukana hubaki “in” katika “incorrect”, lakini hugeuka “im” mbele ya p, b na m, kama “impossible”. Hugeuka “il” mbele ya l, kama “illegal”. Na hugeuka “ir” mbele ya r, kama “irregular”. Anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi husema njia ndefu na njia mbaya, wala hatusemi nrefu au nbaya, ingawa kiambishi ni kilekile. Kinywa hutafuta wepesi, Roma na Kisumu sawasawa.

Kiambishi kilichojificha kuliko vyote ni “ad”, chenye maana ya kuelekea. Kinapokutana na konsonanti nyingi hufutika na kuacha konsonanti hiyo ikiwa mara mbili: “accept”, “affect”, “announce”, “appear”, “assist”, “attend”. Mwenzake ni “con”, yaani pamoja, ambacho hutokea kama “com” katika “committee”, kama “col” katika “colleague”, na kama “co” katika “cooperative”, neno linalojulikana na kila aliyewahi kupeleka maziwa au miwa kwenye chama cha ushirika. “Sub” nacho hujificha katika “support”, kushikilia kitu kutoka chini, na katika “suffer”, kubeba mzigo ukiwa chini yake.

Kwa nini haya yamhusu mtu asiyekusudia kuwa mwanaisimu? Tazama mabango ya nyumba za wageni kando ya barabara kuu kutoka Nakuru hadi Kisumu na uhesabu ni mangapi yameandika “accommodation” kwa m moja. Neno hilo limeundwa na vipande vitatu mfululizo: “ad” iliyogeuka “ac”, kisha “com”, kisha “mod”, ambayo ni kipimo. Herufi c ya kwanza ni ya kipande cha kwanza, na ya pili ni ya kipande cha pili. M ya kwanza ni ya kipande cha pili, na ya pili ni ya kipande cha tatu. Kila herufi ina mwenyewe, na mchoraji wa mabango akiijua hesabu hiyo hapunguzi hata moja. Kwa njia hiyohiyo “recommend” ni “re”, “com” na “mend”, hivyo c ni moja na m ni mbili. “Disappear” ni “dis” na “appear”, hivyo s ni moja na p ni mbili. “Dissatisfied” ni “dis” na “satisfied”, hivyo s mbili zinakutana. “Misspell”, neno la kukosea tahajia, nalo hukosewa mara nyingi, na sababu ni kusahau kwamba s moja ni ya “mis” na nyingine ni ya “spell”. Andika maneno kumi ya namna hii huku ukiyatenga kwa mistari ya wima, na utaona kwamba kukariri hakuhitajiki tena.

Hatua ya nne: Chunguza herufi zinazobeba maana mbili, na zinazokaribia kufanana

“In” ya kukana ina pacha asiye ndugu yake: “in” ya kuingia ndani. Pacha hao wawili ndio chanzo cha mkanganyiko wenye hatari. “Inflammable”, neno unaloweza kulikuta limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye malori ya mafuta yanayopita Nakuru kuelekea Eldoret, Kisumu na Uganda, halimaanishi kisichoshika moto. “In” yake ni ya kuingia: kitu kinachoingia moto upesi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lililoanguka Sachang'wan, karibu na Molo, lilishika moto likaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamelizunguka, wengi wao wakichota mafuta. Watu wale hawakukosa kujua kwamba petroli huwaka, lakini onyo linaloandikwa kwenye shehena ya namna hiyo halipaswi kuacha hata mwanya mdogo wa kusomwa kinyume. Ndiyo sababu siku hizi waandishi wa maonyo hupendelea “flammable”, bila “in”, kwa kitu kinachowaka, na “non-flammable” kwa kisichowaka.

Mifano mingine ya pacha huyu haina madhara, ila huharibu alama za ufahamu. Kisiwa cha Rusinga ni “inhabited”, yaani kinakaliwa na watu, kwa hiyo “in” ni ya ndani. Kisichokaliwa ni “uninhabited”. “Invaluable” ina “in” ya kukana kweli, lakini kinachokanwa si thamani bali uwezo wa kuikadiria, hivyo msaada ulioitwa “invaluable” katika barua ya shukrani ni msaada mkubwa mno, na anayeipokea barua hiyo asikasirike. “Infamous” si mtu asiyejulikana. Ni anayejulikana kwa ubaya.

Baada ya hapo yanakuja maneno ya hospitalini, na haya yanahitaji uangalifu kuliko yote. “Ante” ni kabla, na “anti” ni kupinga. Kliniki ya “antenatal” ni ya mama kabla ya kujifungua, na ya “postnatal” ni ya baada ya kujifungua. Anayesikia “anti” mahali pa “ante” anaweza kudhani ni kliniki ya kuzuia uzazi, jambo ambalo ni kinyume kabisa. “Antibiotic” hupinga bakteria na “antiretroviral” hupinga virusi vya aina ya VVU. Njia rahisi ya kukumbuka ni kwa Kiswahili: “ante” huishia kwa e kama mbele, maana imetangulia mbele, na “anti” huishia kwa i kama adui.

“Hyper” na “hypo” zinafanana zaidi masikioni, na kinyume chake ni kikali zaidi. Ya kwanza ni juu au kupita kiasi, ya pili ni chini. “Hypertension” ni shinikizo la juu la damu na “hypotension” ni la chini. Kwa mgonjwa wa kisukari, “hyperglycaemia” ni sukari iliyozidi katika damu na “hypoglycaemia” ni sukari iliyopungua. Huyu wa pili anahitaji kitu cha sukari haraka, na huyu wa kwanza hatakiwi kuongezewa. Kumbuka kwamba “hypo” huishia kwa o kama kidogo. Hata ukiwa na kumbukumbu hiyo, karatasi ya mgonjwa isomwe mara mbili, na palipo na shaka muuguzi au mfamasia aulizwe, kwa maana herufi zilizoandikwa kwa haraka hazitofautiani vya kutosha.

Mahakamani nako kuna jozi za kuangaliwa. “Prosecute” ni kumfungulia mtu mashtaka na kuyaendesha, na “persecute” ni kumtesa mtu kwa ajili ya imani au kabila lake. Mzizi ni mmoja, wa kufuata, na tofauti yote iko katika herufi tatu za mwanzo. “Prescribe” ni kuagiza, kama daktari anavyoagiza dawa, na “proscribe” ni kupiga marufuku. Jozi ya “adopt” na “adapt” hutatuliwa kwa kuendelea kukata: “opt” ni kuchagua, hivyo “adopt” ni kumchagua mtoto awe wako, “apt” ni kufaa, hivyo “adapt” ni kujirekebisha ili kufaa mahali.

Hatua ya tano: Fuatilia koo kwa vitu vya karibu

Koo za maneno hukaa akilini zikifungwa na mahali panapojulikana. Mstari wa ikweta hupita Maseno, na watu husimama kwenye alama yake kupigwa picha. Jina la mstari huo kwa Kiingereza, “equator”, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya sawa. Humo mna “equal”, mna “equation” ya hesabu ambayo pande zake mbili ni sawa, na mna “equinox”, siku za Machi na Septemba ambazo usiku hukaribia kulingana na mchana duniani kote. Lakini “equipment”, vifaa, imejipenyeza katika ukoo usio wake: ilipitia Kifaransa kutoka kwa mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya, na maana yake ya kale ni kuitayarisha meli kwa safari. “Equestrian”, habari za wapanda farasi, nayo ni ya jina la Kilatini la farasi, ambalo lilikaribiana na neno la sawa kwa sauti tu.

Mfano wa pili uko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme umezalishwa kwa mvuke wa chini ya ardhi tangu 1981. Kiingereza huuita “geothermal”, “geo” ikiwa ardhi na “therm” ikiwa joto, na Kiswahili kimeunganisha vilevile kupata jotoardhi. “Geography” ni maandishi juu ya dunia, na “geometry” ilianza kama upimaji wa mashamba. Watu hudhani kwamba jina la ubatizo George limeingia hapa kwa bahati, kumbe ni la ukoo kabisa: kwa Kigiriki lilikuwa neno la mkulima, mtu anayeifanyia ardhi kazi.

“Hydro” ni maji. Mtambo wa Sondu Miriu katika kaunti ya Kisumu ni wa “hydropower”, na mtoto aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara ni “dehydrated”. Sasa nenda ufukoni mwa Ziwa Victoria. Gugu maji lililoenea ziwani katika miaka ya 1990 na kufunga njia za mashua huitwa “water hyacinth”, na kila mwanafunzi ninayemfikiria angeapa kwamba “hy” ile ni ya “hydro”, kwa kuwa mmea wenyewe haukai penginepo. Si hivyo. “Hyacinth” ni jina la kale la Kigiriki la ua la nchi kavu, na gugu hilo lilipewa jina kwa kufananishwa na ua hilo. Waliolitaja walijua kwamba jina halina maji, ndiyo maana wakatanguliza “water”. Na “hyena”, fisi, hana maji wala ua. Jina lake la Kigiriki lilitokana na neno la nguruwe. Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hapa hata ushahidi wa macho unampoteza mtu, na kamusi pekee ndiyo inayomrudisha njiani.

Hatua ya sita: Tenga maneno yanayofanana kwa sauti

Liko kundi ambalo si la viambishi wala si la bahati tupu. Maneno mengi yanayoanza kwa “sn” yana habari ya pua: “sneeze” ni kupiga chafya, “snore” ni kukoroma, “sniff” ni kunusa, “snout” ni pua ya mnyama. Mengi ya “gl” yana mng'ao au kutazama: “glow”, “glitter”, “gleam”, “glance”, “glimpse”. Mengi ya “wr” yana kusokota, na w haitamkwi: “wrist” ni kifundo cha mkono kinachogeuka, “wring” ni kukamua nguo, “wrap” ni kufunga, “wrestle” ni kupigana mieleka, “wrench” ni kunyonga kwa nguvu, na “wrong” yenyewe ilikuwa iliyopinda kabla ya kuwa iliyokosewa. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliyapa makundi haya jina la kitaalamu mwaka 1930, na tangu hapo wataalamu wamebishana kuhusu nguvu yake.

Kwa “fl” hatuhitaji kwenda mbali. “Flood” ni mafuriko, ambayo wakazi wa Nyando na tambarare za Kano wanayajua kuliko maelezo yoyote. “Flow” ni kutiririka, “float” ni kuelea, “flee” ni kukimbia hatari, “fly” ni kuruka. Yote yana mwendo. Lakini “flower”, maua yanayolimwa Naivasha na kusafirishwa Ulaya, hayana mwendo wowote, na “flour”, unga, lilikuwa neno lilelile moja na “flower”, maana unga laini kabisa ulionekana kuwa ndio ua la nafaka. “Flamingo”, ndege heroe wa Ziwa Nakuru, jina lake limehusishwa na “flame”, mwali wa moto, kwa ajili ya rangi ya mabawa yake; hivyo yuko kundi moja na “flammable” tuliyoiona juu, wala si kundi la kuruka. Tumia makundi ya sauti kwa kukumbuka neno ulilokwisha kujifunza, na usiyatumie kukisia neno geni: “snake” na “snow” hazina pua, wala “glue” haing'ai.

Hatua ya saba: Andika daftari na ujipime

Tenga ukurasa mmoja kwa kila mwanzo wa neno na uugawe safu tatu, ya kweli, ya uongo na ya mashaka. Neno likithibitishwa na kamusi, lihamishe kutoka safu ya mashaka kwa kulikata mstari mmoja bila kulifuta, ili ubaki ukijua ulikokuwa unaelekea kudanganyika. Kila neno la safu ya kweli liandikiwe sentensi moja ya mambo yako mwenyewe, ya soko la Kibuye au ya shamba la Molo. Sentensi iliyonakiliwa kutoka kamusini haikai akilini.

Kwa kujipima, chukua mwanzo wa “bi”, wenye maana ya mbili, na uyapange maneno haya kabla ya kusoma mbele: “bicycle”, “bilingual”, “bishop”, “biscuit”, “Bible”, “binoculars”, “biogas”. Baiskeli ina magurudumu mawili na mtu wa “bilingual” ana lugha mbili, hayo ni mepesi. Darubini ya “binoculars” ni ya macho mawili. Biskuti ndiyo inayowashinda wengi: imo ukooni, kwa maana jina lake ni la kitu kilichopikwa mara mbili, jinsi mikate ya safari ilivyokaushwa zamani. Askofu hamo, jina lake limetokana na “episkopos” ya Kigiriki, mwangalizi, na “bi” ni mabaki ya “pi” ya hapo katikati. Biblia ni vitabu. “Biogas” ni ya “bio”, uhai, mwanzo mwingine unaodai ukurasa wake.

Neno moja la ukoo huu liachwe kabisa katika maandishi ya kazi. “Biweekly” humaanisha mara mbili kwa wiki, na pia humaanisha mara moja kila wiki mbili, na kamusi huzikubali maana zote mbili. Katibu wa chama anayeandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza, na michango ya watu ikihusika, aandike “twice a week” au “every two weeks” kadiri ilivyokubaliwa, kisha aisome sentensi hiyo mbele ya wanachama kabla ya mwenyekiti kutia sahihi.